Sifuri Siyo "Sijui"

Kuna orodha ya vituo vya maji vya Tanzania ambayo imepita mikononi mwa maelfu ya wanafunzi wa sayansi ya data duniani kote. Ina mistari 59,400. Kila mstari ni kituo kimoja: bomba la kijijini, kisima cha pampu ya mkono, chemchemi iliyojengewa, birika la kunyweshea ng'ombe. Taarifa zilitoka Wizara ya Maji na jukwaa linaloitwa Taarifa, zikawekwa kwenye mashindano ya DrivenData, na washiriki wakapewa swali moja: kwa kuangalia mistari hii, kituo kipi kinatoa maji, kipi kinatoa lakini kinahitaji fundi, na kipi kimekufa?

Mimi niliifungua ili niutafute mkoa wetu, Tabora. Nikaukuta, karibu mistari 2,000. Lakini kabla sijasoma jina la kijiji hata kimoja, macho yangu yalinasa kwenye safu ya mwaka wa ujenzi. Katika orodha nzima, zaidi ya mistari 20,000 imeandikwa mwaka 0. Nikahamia safu ya longitudo. Mistari zaidi ya 1,800, yote ya Mwanza na Shinyanga, majirani zetu, nayo ni 0, na latitudo yake ni sifuri kasoro vijitarakimu visivyo na maana. Ukimwambia mtu aende mahali hapo, atajikuta katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, ndani ya maji ya chumvi. Safu ya idadi ya watu wanaotumia kituo ina maelfu kwa maelfu ya sifuri za namna hiyo hiyo. Kuna vijiji vya Usukumani, basi, ambavyo visima vyake vilichimbwa mwaka sifuri, viko baharini, na havinywewi na mtu.

Sitaki kumlaumu aliyekwenda kule. Huenda alikuwa kijana mwenye kifaa mkononi na jua utosini, kifaa kikakataa kunasa satelaiti, mwenyekiti wa kijiji hayupo, na fomu haikubali kufungwa mpaka kila kisanduku kijazwe. Huenda hata hakuandika yeye. Programu ilijaza sifuri palipoachwa wazi. Kwa vyovyote vile, mahali palipostahili neno "sijui" pameingia tarakimu, na tarakimu hubishaniwa mara chache. Mtu wa mbali akipiga wastani wa umri wa visima vyetu bila kuchungulia ndani, ataambiwa na mashine yake kwamba babu zetu walikuwa wakifunga pampu za mkono karne nyingi zilizopita.

Naielewa sifuri hii kwa sababu niliwahi kuiandika mwenyewe. Nilipokuwa darasa la sita, shule yetu ilikuwa na kipimamvua nyuma ya ofisi, na wanafunzi tulipewa zamu ya kukisoma saa tatu asubuhi. Wiki moja ya Desemba zamu ilikuwa yangu. Jumamosi sikwenda, Jumapili sikwenda. Hakuna aliyeniambia kwamba mvua haina wikiendi. Jumatatu nikakuta maji mengi ndani ya chombo. Nikaandika: Jumamosi 0, Jumapili 0, Jumatatu 41. Mwalimu wa zamu akaweka vema kwa wino mwekundu. Usiku wa Jumamosi ile bati la nyumbani lilipiga kelele hadi alfajiri, tukahamisha magodoro, na mimi nililisikia kwa masikio yangu. Daftari langu likasema mbingu zilifunga.

Kilichotakiwa kilikuwa kitu chepesi sana: vistari viwili, kimoja cha Jumamosi na kimoja cha Jumapili, kisha mbele ya Jumatatu, "41, jumla ya siku tatu." Sifuri maana yake nilikwenda, nikatazama, chombo kilikuwa kikavu. Kistari maana yake sikutazama. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuelewa tofauti hiyo kwa asubuhi moja, na akishaielewa haimtoki. Mtu mzima aliyejifunza kompyuta bila kuielewa atajenga mfumo wa mabilioni ya shilingi utakaowalazimisha makarani kuandika sifuri.

Ndiyo maana naona tunaanzia mahali pasipo. Tunapozungumzia watoto na kanzidata, mawazo yetu hukimbilia mashine: shule ngapi zina kompyuta, umeme upo, intaneti inashika? Mambo hayo yana uzito wake. Lakini kanzidata huanzia kisimani, sokoni, chini ya mwembe, pale mtu anapoamua nini cha kuandika na nini cha kuacha wazi. Watoto wa darasa la tano mpaka kidato cha pili wana umri unaofaa kabisa kwa kazi hiyo. Wanajua kupima, wanajua kuuliza, na bado hawajajifunza kujaza fomu ili tu ijae.

Sisi wa Tabora tuna sababu yetu ya pekee ya kulijali jambo hili, kwa sababu moja kati ya makosa makubwa ya data katika historia ya Afrika lilisahihishwa hapa.

Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt alikuwa Tanga, akiwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara habari za bara. Aliyepita njia ya kusini alimwambia ukienda sana unafika ziwani. Aliyepita njia ya kati, hii yetu ya kwenda Ujiji, alimwambia ukienda sana unafika ziwani. Wa kaskazini naye akasema ziwani. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann wakakaa na maneno hayo, wakayaunganisha, na ramani iliyochapishwa Ulaya kufikia 1856 ikaonyesha ziwa moja la kutisha, refu na nene mfano wa koa, likifunika sehemu kubwa ya bara. Wakaliita kwa jina la Uniamesi, yaani Unyamwezi. Wakubwa wa London walishangaa, wakabishana, na ramani hiyo ikawa moja ya sababu za kuwatuma Richard Burton na John Speke kuja kutazama.

Nataka msomaji aone kwamba hakuna msafiri hata mmoja aliyedanganya. Kila mmoja alileta taarifa sahihi. Lililokosekana ni kitu cha kuzitenganisha taarifa hizo: ziwa hilo wenyeji wanaliitaje, ulilifikia baada ya kambi ngapi, ukiwa umeelekea wapi, na nani aliyekwambia. Wajenzi wa kanzidata huita kitu hicho ufunguo, alama inayohakikisha kwamba mstari huu na ule si kitu kimoja. Erhardt alikuwa na mistari mitatu isiyo na ufunguo, na mistari ya namna hiyo huungana yenyewe.

Burton na Speke waliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyeyajua mambo ya bara kwa miaka. Speke alipoifungua ramani ya wamisionari na kumuuliza Nyasa iko wapi, Snay akamjibu kwamba Nyasa ni ziwa la peke yake, liko kusini, na la Ujiji ni jingine. Na kuna la tatu, akasema, kaskazini, la Ukerewe. Katika baraza ya tembe la Kazeh, koa akakatwa vipande vitatu. Julai ya mwaka uliofuata Speke alitoka hapa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akimwacha Burton nyuma, na tarehe 3 Agosti 1858 akasimama Mwanza akilitazama ziwa aliloambiwa. Akalipa jina la malkia wake. Siku hizi maji ya ziwa hilo yanakuja Tabora kwa bomba, kupitia mradi uliojengwa kwa mkopo wa India, yakifuata mwelekeo wa Speke kinyumenyume. Kila ninapofungua koki namkumbuka Snay, na wale wasio na majina waliompa Snay habari zake: wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mzigo wa frasila mbili au karibu na hapo, waliohesabu njia kwa kambi na kwa visima, waliojua kambi gani ina maji mwezi wa Agosti na gani haina. Ile ilikuwa kanzidata. Iliishi vichwani na miguuni mwa watu, ikapotea nao.

Ningependa kila mtoto wa Tabora asimuliwe kisa hiki kabla ya kufundishwa jedwali ni nini. Kisha apewe kazi.

Kazi ya kwanza ingekuwa mvua, maana sisi tuna msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, na mtoto anaweza kuufuata mwanzo hadi mwisho bila kuvunja mwaka wa familia. Chombo chochote chenye mdomo na kitako vya upana mmoja, na rula, vinatosha. Hapo hesabu za darasani zinapata mwili: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati lenye mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10, hizo ni lita 1,000 zinazomwagika uani huku mama akienda kununua maji kwa ndoo. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi hesabu hiyo, darasa zima likageuka kutazama paa.

Soko ni gumu kuliko mvua, na kwa hiyo linafundisha zaidi. Mpeleke mtoto sokoni aandike bei za michembe, matobolwa, asali, karanga. Atarudi na "karanga 3,000". Tatu elfu kwa nini? Kwa sado? Kwa kilo? Kwa fungu? Fungu la asubuhi na fungu la jioni si fungu moja. Kila mama anayeuza anajua, na kila mnunuzi anajua, ila jedwali halijui mpaka uliambie. Asali ndiyo mtihani wenyewe: huyu anauza kwa chupa ya bia, huyu kwa dumu, huyu anapima kwa mizani, na moja imechujwa na nyingine bado ina masega. Darasa likikubaliana kwamba watabeba mizani na kupima fungu kabla ya kuandika, watakuwa wamejifunza somo ambalo ofisi kubwa zimeshindwa.

Majina nayo. Katika ile orodha ya vituo vya maji, safu ya aliyejenga ina "DANIDA" na ina "DANID". Ina "Government" na ina "Gover". Kwetu sisi ni wale wale; kwa mashine ni wajenzi wanne tofauti. Waweke watoto 60 waandike jina la kitongoji kimoja bila kuambiana, halafu uwaandikie ubaoni kila namna iliyojitokeza. Watacheka sana. Baada ya kicheko wataelewa kwa nini lazima pawe na orodha ya majina iliyokubaliwa, na kwa nini anayeitunza orodha hiyo ana kazi ya heshima.

Lakini kama ningeruhusiwa jambo moja tu, ningechagua kisima.

Mtoto anafika kisimani akiwa na daftari. Anamkuta bibi anachota. Anasalimia kwa Kinyamwezi kama inavyopaswa, "Mwangaluka, mayu," au kama bibi ni mgeni wa kabila jingine, "Shikamoo, bibi." Anangoja ndoo ijae. Ndipo anauliza: kisima hiki kilichimbwa mwaka gani? Bibi anasema, "Mwaka siujui, mjukuu wangu." Hapa ndipo mistari 20,000 ilipofia. Mtoto aliyefundishwa haondoki. Anauliza: mlipohamishiwa huku wakati wa vijiji vya ujamaa, mlikikuta? Bibi anafikiri, anasema hapana, tulikuwa tunachota mtoni. Wakati wa vita vya Amini? Aa, vita vilipokwisha kilikuwepo tayari, maana mwanangu aliporudi kutoka Kagera alinywa maji ya hapa. Basi. Uhamisho wa vijiji ulipamba moto 1974, vita vya Kagera viliisha 1979. Kisima kilichimbwa kati ya miaka hiyo. Makarani wa sensa wamekuwa wakitumia mbinu hii kwa vizazi kukadiria umri wa wazee wasio na cheti. Inahitaji tu mtu ajue historia kidogo, awe na adabu, na asiwe na haraka.

Tena jedwali lake linahitaji safu mbili ambazo fomu nyingi hazina: umejuaje, na nani kasema. Ninazipenda safu hizo kuliko zote. Mtoto anayeandika "kati ya 1974 na 1979, kwa maelezo ya mchotaji mzee" amefanya kazi safi kuliko anayeandika "1976" kwa sababu tarakimu moja inapendeza zaidi.

Nimesema nani kasema. Sikusema jina lake. Njia yetu ya zamani ya misafara inajua vizuri sana maana ya kuhesabiwa. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, waliohesabu pembe kwa frasila walihesabu na watu, na watu hao hawakuhesabiwa kwa faida yao. Maembe ya Kwihara, hapa jirani na Tabora, ni matamu, na kivuli cha miembe yake kiliwafunika pia waliofungwa minyororo. Kwa hiyo ninapotaka watoto wetu wawe wakusanyaji wa data, nataka wajue mapema kwamba swali linaweza kuumiza. Wahesabu mvua, miti, visima, bei, mizinga ya nyuki msituni, magari yanayopita barabara ya shule. Wasiulize nyumba ya jirani ina wagonjwa wangapi, nani ana mume na nani hana, simu ya nani ni ipi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini sheria hiyo haijaingia midomoni mwa watu. Mtoto akijifunza darasani kwamba anayeulizwa ana haki ya kukataa, siku moja yeye atakapoombwa namba ya kitambulisho dukani atajua la kusema.

Najua nitakayoambiwa na walimu wenzangu. Darasa lina watoto 90. Mtihani wa taifa hauulizi kipimamvua. Muda uko wapi? Malalamiko hayo ni ya kweli, nami nimeyaishi. Ila katika kazi hii wingi wa watoto ni neema. Jozi 90 za macho zikigawanywa katika vitongoji zitaona ambacho mtaalamu wa mkoa hatakiona kwa mwaka. Kuhusu muda, hisabati inataka wastani na grafu, jiografia inataka hali ya hewa, Kiswahili kinataka mahojiano na ripoti. Tunatunga mifano ya Juma na machungwa yake wakati mvua halisi iko dirishani. Na vifaa? Katika sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, makarani walitumia vishikwambi, na baadhi ya makarani hao walikuwa walimu. Sensa ilipokwisha vishikwambi viligawiwa walimu. Mwalimu aliyezunguka vitongojini akijaza fomu ile anajua tayari nusu ya ninayoyasema hapa. Hakuna aliyemwomba awarithishe wanafunzi wake ujuzi huo.

Wala hatuanzi kutoka hewani. Mwaka 2011 wanafunzi wa chuo kikuu na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, waliichora Tandale yao kwa miguu, mfereji kwa mfereji. Kutoka 2015 kazi ya Ramani Huria ikaendeleza jambo hilo katika kata zinazofurika, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani wakishirikiana na wenyeji. Kabla yao vijana wa Kibera, Nairobi, walikuwa wameanza 2009, wakati ambapo kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa doa tupu. Mradi wa TAHMO, wa Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon, huweka vituo vya hali ya hewa kwenye viwanja vya shule katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Naupenda, ingawa kituo kile hujisomea chenyewe na kujitumia chenyewe kwa mtandao. Ningetaka pembeni yake pawe na kopo na rula, mtoto asome lake, alinganishe na la mashine, na siku yakitofautiana aende kuangalia kama kuna buibui aliyejenga ndani ya kimojawapo.

Kubwa zaidi ni daftari lisife. Shule zetu zina tabia ya kuanza kila kitu upya kila Januari. Vipimo vya mvua vya mwaka mmoja ni zoezi la darasa. Vya miaka 15 ni mali ya kata, mkulima wa tumbaku wa Sikonge au wa mpunga wa Igunga atavijia kwa miguu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na baadaye akafundisha hapa, aliandika mwaka 1967 kwamba shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Tulielewa jembe la shamba la shule. Hatukuelewa daftari: lile ambalo darasa la sita linalikabidhi kwa darasa la tano, mbele ya wazazi, likiwa na kurasa zilizopigwa mistari na majina ya walioshika zamu.

Lile daftari langu la mvua nililitafuta miaka ya karibuni, nilipopita shuleni. Ofisi imejengwa upya, kipimamvua hakipo, na hakuna anayekumbuka kama kiliwahi kuwepo. Nilitaka tu kulifungua kwenye ule ukurasa wa Desemba, nifute sifuri mbili kwa kalamu nyekundu, niweke vistari viwili, na pembeni niandike tarehe niliyosahihisha na jina langu.